Upepo wa kiyoyozi cha gari umekwama wapi?

Mada ya bajeti ya nyumba tuliyoiahidi itasubiri hadi juma lijalo, inshaallah, kwa kuwa imetufikia barua ambayo hatukuona uungwana kuichelewesha.

Anayeuliza ni ndugu yetu mkazi wa Mkata, wilayani Handeni. Anayo Toyota Raum iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika Japani, na kila mwezi humpeleka mama yake mzazi kliniki ya kisukari mjini Tanga. Bi mkubwa amepita umri wa miaka 70, hukaa kiti cha mbele, na mkoba wa dawa zake, insulini ikiwamo, huwa mapajani. Wanapotoka Mkata kiyoyozi hupuliza vizuri na baridi yake hutosha. Wakifika Kabuku upepo umepungua. Wakipita Michungwani na kuingia Segera, feni inasikika ikinguruma ndani ya dashibodi lakini katika matundu hakitoki kitu. Fundi wake ameongeza gesi mara tatu tangu Mfunguo Sita, na mara zote tatu amelipwa. Tena hivi karibuni bi mkubwa amekuwa akishuka garini miguu imelowa, na anauliza kama maji hayo ni najisi, kwa kuwa huwagusa buibui wakati anakwenda kuswali Adhuhuri njiani.

Maswali ni mawili, la fundi na la sheikh, na yote mawili yana chanzo kimoja.

Kwanza tuseme kwa nini tumeichukua barua hii kwa uzito. Wapo wanaoona kiyoyozi cha gari kuwa ni anasa ya watu wa mjini, na kwa kijana mwenye afya huenda ni kweli. Atafungua kioo, atafuta jasho, na maisha yataendelea. Mzee mwenye kisukari hayuko katika hali hiyo. Mwili wa mtu mzima sana hautoi jasho kwa wepesi ule wa ujanani, kiu yake huchelewa kumwambia kuwa maji yamepungua, na kisukari cha miaka mingi huweza kudhoofisha hata mishipa ya fahamu inayoamrisha jasho. Mtoto mchanga naye ana udhaifu wake, kwani mwili wake hupanda joto haraka kuliko wa mama anayempakata. Na miaka hii Ramadhani inatuangukia ndani ya msimu wa kaskazi, ambapo dereva aliyefunga hushika usukani saa za mchana kutoka Chalinze hadi Segera akiwa na kinywa kikavu. Joto humletea usingizi, na barabara ile ina malori na mabasi yasiyomsubiri mtu aamke.

Sasa tuingie ndani ya dashibodi.

Kiyoyozi cha gari hufanya kazi tatu ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuusukuma upepo, nayo ni ya feni ya ndani, ile ambayo mafundi wetu huiita bloa. Kazi ya pili ni kuupoza upepo huo, nayo hufanywa na gesi inayozungushwa na kompresa: gesi hiyo hukamuliwa mbele ya gari kwenye kondensa na kuachia joto lake nje, kisha hurudi ndani ya dashibodi kwenye kifaa kinachofanana na rejeta ndogo, kiitwacho evapareta, na hapo hupanuka na kuwa baridi kali. Upepo wa bloa hupita katikati ya mapezi ya evapareta na kutoka ukiwa umepoa. Kazi ya tatu ni kuuelekeza upepo: usoni, miguuni, au kwenye kioo cha mbele. Kazi hii hufanywa na vibao vidogo vya plastiki vinavyofunguka na kufunga ndani ya mirija ya dashibodi, vikivutwa na waya au na mota ndogo.

Gesi inahusika na kazi ya pili peke yake. Haisukumi upepo, wala haiuelekezi. Basi mtu akisema upepo hautoki, au unatoka kwenye kioo badala ya usoni, na fundi akakimbilia mtungi wa gesi kabla ya kugusa kitu kingine, tunaona fundi huyo ametibu maradhi ambayo mgonjwa hakuyataja. Hii ndiyo sababu tunamshauri kila mwenye gari ajiulize maswali mawili kabla ya kuondoka nyumbani kwenda gereji: je, upepo upo? Na kama upo, je, una baridi? Majibu yake yataokoa nusu ya fedha.

Upepo ukiwa haba katika kasi zote za feni, mahali pa kwanza pa kutazama ni filta ya hewa ya ndani. Tunashangaa ni familia ngapi zimemiliki gari miaka mitano bila kujua kuwa filta hii ipo. Mwenye gari anaijua filta ya injini kwa kuwa fundi humwonyesha kila anapobadilisha oili. Hii nyingine imejificha. Katika magari mengi ya Toyota yanayotoka Japani imekaa nyuma ya droo ya dashibodi, ile tunamowekea kadi ya gari na tasbihi. Droo hiyo ikifunguliwa na kubanwa pande zake mbili kwa ndani huachia na kushuka, na nyuma yake huonekana kifuniko chembamba cha plastiki kilicholala. Ndani ya kifuniko ndimo ilimo filta, iliyokunjwakunjwa kama kipepeo cha karatasi. Kazi hii haihitaji spana. Tumeona filta zilizotolewa katika magari ya njia za vumbi jekundu la Handeni, na rangi yake ilikuwa ya matofali. Ukizitazama dhidi ya jua hazipitishi hata mwanga, sembuse upepo. Ndani yake mna majani ya mwarobaini, mabawa ya kumbikumbi, na pumba za mahindi kwa wale wanaobebea magunia ndani ya gari la familia.

Pumba hizo zina jambo jingine. Panya akizoea kufuata harufu ya mahindi garini hujenga kiota ndani ya nyumba ya bloa, kwa kuwa ni pakavu na pana joto. Dalili yake ni feni kunguruma kwa kutikisika, kama kitu kinachogonga, pamoja na harufu isiyoelezeka. Gari likiwa limelala chini ya mwembe kwa miezi, mwenyewe akiwa safarini, hilo lichunguzwe kabla ya kuwasha feni.

Filta ya karatasi haioshwi kwa maji. Ikikung'utwa taratibu itasaidia kwa siku chache, lakini iliyokwisha kuwa nyekundu hainusuriki. Inunuliwe mpya, na wakati wa kuiweka uangaliwe mshale uliochorwa ubavuni mwake, kwa kuwa huonyesha upande upepo unakoelekea. Anayesafiri njia za vumbi aikague kila miezi mitatu au minne. Na akiwa ndani ya vumbi, nyuma ya lori, abonyeze kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani yake: kitufe hicho hufunga hewa ya nje na kuzungusha ile ya ndani. Akitoka katika vumbi akifungue tena. Watu watano ndani ya gari lililofungwa, wakivuta hewa ileile saa nzima, huichafua kwa pumzi zao wenyewe, na wa kwanza kulemewa na usingizi huenda akawa dereva.

Kabla hatujaendelea, mwenye gari la watoto atazame matundu yenyewe. Kila tundu lina gurudumu dogo pembeni la kulifungua na kulifunga, na mtoto wa miaka minne hulizungusha kwa raha zake. Tumesimuliwa habari ya gari lililopelekwa kwa fundi kwa tundu moja kukataa kutoa upepo, na ndani yake zikakutwa sarafu na karatasi za pipi. Tena, wenye Noah na Hiace wajue kwamba mengi ya magari hayo yana feni ya pili ya nyuma, yenye swichi yake mwenyewe, mara nyingi juu ya dari au karibu na usukani. Nyuma pakiwa na joto na mbele baridi, swichi hiyo itazamwe kabla ya kumlaumu yeyote.

Feni ikifanya kazi katika kasi ya mwisho tu, na kasi za chini zimekufa, aliyekufa ni kifaa kidogo kiitwacho resista ya bloa. Hukaa karibu na feni yenyewe, na kukibadilisha ni kazi fupi. Feni ikiwa imekufa kabisa, fyuzi itazamwe kwanza. Hapa tunatoa onyo kwa sauti ya juu: fyuzi iliyoungua haizibwi kwa waya wala kwa karatasi ya sigara. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla nyaya hazijaungua, na anayeweka waya mnene mahali pake ameondoa mlinzi na kuiacha nyumba wazi. Gari huweza kushika moto watoto wakiwa wamelala viti vya nyuma.

Upepo ukiwa mwingi lakini unakwenda usikoelekezwa, yaani umebonyeza usoni na unatoka kwenye kioo au miguuni, tatizo liko katika vile vibao tulivyovitaja. Mara nyingi husikika sauti ya tiki-tiki-tiki nyuma ya dashibodi kila gari linapowashwa au swichi inapogeuzwa. Hiyo ni mota ndogo ambayo gia zake za plastiki zimesagika. Katika magari ya zamani yenye swichi ya kuzungusha kwa mkono, huwa ni waya uliochomoka. Kibao kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi kikikwama upande wa moto, upande wa dereva huweza kupuliza baridi na wa abiria ukapuliza joto, na gesi ikiwa kamili kabisa. Kufungua dashibodi ni kazi ndefu, na fundi asiyejua huacha skrubu nne mezani na dashibodi inayolia kila shimo. Hapo tunasema wazi: atafutwe aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, na mwenye gari akae karibu.

Yako magari ambayo kiyoyozi chake hupoza yakienda na huacha yakisimama. Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabara hupiga kondensa na kuondoa joto. Likisimama, kazi hiyo huachiwa feni ya mbele ya rejeta. Feni hiyo ikifa, au mapezi ya kondensa yakijaa matope na wadudu, joto halina pa kwenda. Jambo hili lisipuuzwe, kwani katika magari mengi madogo feni hiyohiyo hupoza injini. Anayepanda Lushoto kutokea Mombo na gari la namna hiyo atazame mshale wa joto la injini, na ukianza kupanda azime kiyoyozi mara moja.

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa Mkata, maana dalili zake hazifanani na hizi zote. Kwake upepo unaanza ukiwa mzuri na wenye baridi, kisha unapungua kidogo kidogo kwa mwendo wa saa moja hadi unakatika, feni ikiendelea kunguruma. Kisha gari likilala, asubuhi kila kitu ni kizima. Sisi tunaona hii ni barafu.

Evapareta inapofanya kazi huwa baridi kiasi kwamba unyevu wa hewa huigandia na kutiririka, kama umande unavyojikusanya juu ya chupa ya maji baridi. Gari limewekewa sensa inayohisi baridi hiyo. Ikikaribia kiwango cha kuganda, sensa huizima kompresa kwa muda mfupi, kisha huiwasha tena. Ikiwa filta imeziba, upepo unaopita juu ya evapareta ni mdogo, na baridi hujikusanya bila kuchukuliwa. Ikiwa sensa imeharibika au imehama mahali pake, kompresa haizimwi. Na ikiwa gesi imepungua, msukumo wake hushuka na sehemu ya evapareta huwa baridi kupita kiasi. Kwa njia yoyote kati ya hizo, umande hugeuka barafu, barafu huziba nafasi kati ya mapezi, na upepo hugonga ukuta mweupe. Ndugu yetu akifika kwa fundi kesho yake barafu imekwisha kuyeyuka. Fundi haoni kitu, anaongeza gesi, gari linapuliza vizuri hapo gerejini, na fedha zinabadilisha mikono.

Kulithibitisha hili hakugharimu chochote. Safari ijayo upepo ukipungua pale Kabuku, azime kitufe cha A/C peke yake na kuiacha feni katika kasi ya juu, vioo vikiwa wazi kidogo. Upepo ukirudi taratibu ndani ya dakika 10 hadi 20, na maji mengi yakadondoka chini ya gari, basi ilikuwa barafu. Aanze na filta, kwa kuwa ndiyo rahisi na ndiyo inayosahauliwa. Ikiwa ni safi na barafu ikarudi, amwambie fundi apime sensa, na baada ya hapo apime msukumo wa gesi kwa geji.

Kuhusu gesi yenyewe tuna neno refu kidogo. Gesi ya kiyoyozi si kama petroli. Hailiwi na safari. Imefungwa katika mzunguko usio na mlango, na ikiwa imepungua ni kwa kuwa imevuja, ama kwa uchakavu wa taratibu wa miaka mingi au kwa tundu. Aliyeongezewa gesi mara tatu katika miezi michache ana mvujo ambao haujatafutwa, au hakuhitaji gesi hata mara ya kwanza. Mahali panapovuja mara nyingi huonyesha alama ya mafuta yenye vumbi, kwa kuwa gesi husafiri pamoja na oili ya kompresa. Povu la sabuni kwenye viungo husaidia, na wapo mafundi wenye rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya bluu. Kiasi cha gesi hupimwa kwa uzito, na gari dogo huchukua takriban nusu kilo. Kipimo halisi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, pamoja na aina ya gesi, ambayo katika magari mengi tuliyonayo ni R134a. Kuijaza kupita kipimo hakuongezi baridi. Huipunguza, na huichosha kompresa.

Na wapo, Allah atuepushe, wanaojaza gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi na inapoza kweli. Gesi hiyo inawaka. Ikivuja, itavujia ndani ya dashibodi, penye nyaya na swichi, gari likiwa limefungwa vioo na familia imo ndani. Hatuoni udhuru wowote katika jambo hilo, si kwa fundi wala kwa mwenye gari anayelijua na kulinyamazia.

R134a haiwaki kwa urahisi huo, lakini nayo haifai kuachiwa hewani ovyo. Gesi za zamani za aina ya R12 ziliondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa zilitoboa tabaka la ozoni. R134a iliyochukua nafasi yake haitoboi ozoni, ila kilo yake moja huipasha joto anga kuliko zaidi ya kilo 1,000 za hewa ukaa, na ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, na kukubaliana kuipunguza hatua kwa hatua pamoja na gesi za jamii yake. Fundi mwenye mashine huivuta gesi ya zamani na kuihifadhi kabla ya kufungua mabomba. Anayefungua koki na kuiacha ipige kelele hadi iishe amechukua njia ya mkato, na analipisha sawa na mwenzake.

Yapo mapokezi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni Madina, akaingiza mkono katika lundo la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Muuzaji alieleza kuwa ni mvua iliyolinyeshea, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini asiuweke ule ulioloa juu ili watu wauone, kisha akakemea udanganyifu kwa maneno makali. Fundi wa kiyoyozi anafanya kazi mahali ambapo mteja hawezi kuingiza mkono. Gesi haionekani, evapareta imejificha, na mama mzee anayesubiri kivulini hajui geji inasoma nini. Kwa sababu hiyo tunamwomba fundi Mwislamu aonyeshe geji kabla na baada, arudishe spea ya zamani mkononi mwa mwenyewe, na aseme hajui pale asipojua. Na mwenye gari naye apatane bei kabla ya kazi kuanza, kwani wapo wanaonyamaza mwanzoni na kupiga kelele mwishoni, na hilo nalo ni dhuluma.

Tulijibu na lile swali la maji. Umande wa evapareta una mpira mdogo wa kuutolea nje, chini ya gari upande wa abiria wa mbele au karibu yake. Mpira huo ukiziba kwa tope au kwa nyuki wa udongo, maji hayana pa kutokea na hufurikia kwenye zulia, na barafu ya ndugu yetu inapoyeyuka huwa mengi zaidi. Ndiyo hayo yanayomlowesha bi mkubwa. Hayatoki katika rejeta ya injini. Maji ya rejeta huwa ya rangi, yana utelezi na harufu ya utamu, na mtu akiyakuta miguuni ni habari nyingine, ya rejeta ndogo ya joto iliyotoboka. Umande huu ni maji yaliyotoka hewani. Asili ya maji ni tohara, nasi hatujui kitu kinachoyanajisi hapo. Bi mkubwa aswali na buibui lake bila wasiwasi. Kama yanafaa kutawadhia ni swali ambalo tunamwachia imamu wa msikiti wake alipanue. Wallahu a'lam. Mpira wenyewe huzibuliwa kwa waya mwororo kutokea chini, na hapo hapo maji humwagika.

Zulia likilowa muda mrefu huota ukungu, na ukungu huohuo huota juu ya evapareta. Ndiyo harufu ya soksi inayotoka dakika za mwanzo kiyoyozi kikiwashwa. Nyumba nyingi huifunika kwa manukato, au kwa kufukiza udi garini usiku wa kuamkia Ijumaa. Udi ni sunna ya wazee wetu na hatuukatazi, lakini haufukuzi ukungu, na mtoto mwenye pumu atavuta vyote viwili. Zulia litolewe lianikwe, filta ibadilishwe, na evapareta isafishwe kwa dawa yake. Kisha iwe desturi kuzima kitufe cha A/C dakika tano kabla ya kufika na kuiacha feni ikaushe unyevu.

Mambo mawili yaliyobaki ni ya uhai. Mtoto asiachwe katika gari lililosimama, hata kwa dakika za kwenda kununua machungwa, hata kioo kikiwa kimeshushwa kidogo. Sehemu kubwa ya joto hupanda ndani ya nusu saa ya mwanzo, na kivuli huhama. Wala mtu asilale ndani ya gari lililofungwa vioo injini ikinguruma ili apate baridi, hasa ndani ya banda au karibu na ukuta. Bomba la moshi likivuja, moshi usio na rangi wala harufu huingia, na aliyelala haamki kuulalamikia.

Hadi matengenezo yatakapokamilika, tunamshauri ndugu yetu aondoke Mkata mara baada ya swala ya Alfajiri na kurudi alasiri jua likiwa limepoa, na akizime kitufe cha A/C kwa dakika 10 katika kila nusu saa ili barafu isipate nafasi ya kujikusanya. Bi mkubwa apewe maji kidogo kidogo bila kusubiri aseme ana kiu. Insulini anayoitumia isizidi joto la nyuzi 30, basi isikae juu ya dashibodi wala ndani ya droo yake. Ifungwe katika kitambaa kikavu, iwekwe ndani ya kimfuko kilichozungushiwa taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, ikae chini ya kiti upande usiopigwa na jua. Isigusane na barafu wala isielekezwe kwenye tundu la hewa baridi, kwa kuwa ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana kama mwanzo.